Kura tatu, kura 130, na swali la nani mwenye .tz

Najua kuna watu wanasubiri sehemu ya pili ya ile stori ya foleni ya msosi, itakuja, msinitumie meseji za vitisho. Leo naandika historia. Nikiacha kuandika historia hapa mtaanza kuniuliza ualimu huu nausomea nini hasa.

Wiki iliyopita kwenye semina tulikuwa na mada ya uchaguzi wa kura tatu wa 1958. Mwishoni kabisa, watu wameshaanza kufunga mabegi, jamaa mmoja akauliza kwa mzaha: "Na hiyo .tz tunayoandika kila siku, ilipigiwa kura lini?" Watu wakacheka, kipindi kikaisha. Mimi swali likanikaa. Nimelifuatilia siku kadhaa badala ya kudesa (test iko karibu, Mungu yupo) na nimegundua kwamba lina historia yake, na hiyo historia inafanana mno na ile tuliyokuwa tunaijadili.

Kwanza kwa wale ambao kompyuta kwao ni ya kuchapia asaimenti na kuangalia muvi. Kila mashine iliyo kwenye intaneti ina namba. Mtu wa Korogwe hili halimpi shida kulielewa. Mashamba yetu ya mkonge yaliendeshwa na manamba, wale vibarua walioletwa kwa mkataba kutoka mbali, na hilo jina lenyewe limetokana na namba walizopewa. Karani alimjua mtu kwa namba ya kwenye kipande chake. Namba inamtosha karani. Mke, jirani na rafiki wanataka jina. Ndiyo maana juu ya zile namba za mashine yakawekwa majina, na yakatengenezwa madaftari ya kusema jina hili ni la namba ile.

Majina hayo yanasomwa kuanzia kulia. Chukua korogwetc.go.tz: Tanzania, halafu serikali, halafu Halmashauri ya Mji Korogwe. Ni kama barua ya zamani inayokuja kutoka nje, posta ya kwao inaangalia nchi kwanza, S.L.P. baadaye. Na juu ya tz kuna daftari moja kubwa kuliko yote, wataalamu wanaliita mzizi. Kazi yake ni kusema tu .tz inaulizwa wapi, .ke wapi, .com wapi. Mstari mmoja wa tz ukifutwa kule juu, huku chini benki, chuo, wizara, na hata ile necta.go.tz mliyokuwa mnaifungua huku mikono inatetemeka, vyote vinakuwa havipatikani kwa jina.

Sisi wa Handeni tunaelewa vizuri zaidi kwa maji. Maji ya HTM yanachotwa mto Pangani, upande wa Korogwe, yanasukumwa mpaka kwetu. Anayekaa kwenye pampu hajachaguliwa na mtu wa Handeni, hamjui hata mmoja, lakini akizima anaamua nani atapika na nani atabeba dumu kichwani. Swali la nani anakaa kwenye pampu na aliwekwa na nani halijawahi kuwa la kitaalamu tu. Waulize akina mama wa Mkata.

Sasa historia. Mwanzoni kabisa daftari la mzizi lilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, Jon Postel, mwanasayansi wa kompyuta wa California. Hakupigiwa kura na yeyote. Watu walimwamini, basi. Ulipofika wakati wa kuzipa nchi herufi zake, alifanya jambo la akili: badala ya kuamua yeye nchi ni ipi na ipi siyo, akachukua orodha ya herufi mbili mbili iliyokuwa tayari imewekwa na shirika la viwango la kimataifa, ISO. Akakwepa kesi zote za mipaka kwa mpigo mmoja. Machi 1994 akatoa waraka wa kueleza utaratibu, na ndani yake kuna wazo ninalolipenda: anayeshika herufi za nchi ni mdhamini, anazishika kwa niaba ya watu wa nchi hiyo na ya watumiaji wa dunia nzima. Siyo mwenye mali. Tanzania iliingizwa kwenye daftari tarehe 14 Julai 1995, na kwa miaka ya mwanzo .tz ikawa inaangaliwa kutoka kituo cha kompyuta cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakati huo intaneti hapa nchini ilikuwa ya watu wachache kiasi kwamba wangeweza kukaa kwenye daladala moja na kiti kikabaki. Hakuna aliyeuliza uwakilishi, wa kuwakilishwa walikuwa wapi?

Ila "mdhamini" ni nani, hapo ndipo pagumu. Mwingereza alikutana na tatizo hilohilo Uzigua. Gavana Donald Cameron alifika Tanganyika 1925, mwaka uliofuata ikatoka sheria ya mamlaka za wenyeji, na maofisa wakaanza kuzunguka wakitafuta mtu wa kumkabidhi kodi, mahakama na mhuri. Usambara kulikuwa na Wakilindi wenye makao yao Vuga, kazi ikawa nyepesi. Uzigua hapakuwa na mfalme mmoja wa kusema "ndimi". Kulikuwa na wakubwa wa koo na wa maeneo, na kumbukumbu ya maakida na majumbe wa Mjerumani. (Kichekesho ni kwamba kwa masimulizi yenyewe, Mbegha aliyeanzisha ule utawala wa Usambara alitokea milima ya Nguu, yaani upande wetu. Tuliwapa mfalme, sisi tukabaki bila.) Ukienda mahali ukauliza "mkubwa wenu nani?" ukiwa na mhuri mkononi, mkubwa atapatikana tu, hata kama jana hakuwepo. Mfumo huo ulidumu mpaka sheria ya 1963 ilipoufuta uchifu.

Majirani zetu wameonja hili kwenye majina ya intaneti. Kenya, .ke iliingizwa 1993 ikakaa kwa watu binafsi, ukazuka mvutano, mpaka ikaundwa KENIC ambayo ilikabidhiwa 2003. Bodi yake ilipangwa iwe na mdhibiti wa serikali, watoa huduma, vyuo na wengineo pamoja. Uganda herufi zao zilishikwa na kampuni binafsi ya Kampala. Rwanda ndiyo kali zaidi: .rw ilikuwa chini ya mtu aliyekuwa Ulaya, na wenyewe wakaipata 2012 baada ya kuidai miaka. Wakongo wao walibadilisha hadi herufi, Zaire ilipokufa 1997 ile .zr ikazeeka taratibu, ikafutwa kwenye daftari 2001, ikabaki .cd.

Sasa turudi kule kwenye pampu kuu, maana ndiko kwenye utamu. Septemba 1998 liliundwa shirika la ICANN huko California, lisilo la faida, lichukue kazi ya Postel. Mwezi uliofuata, tarehe 16 Oktoba, Postel akafariki. Shirika lilikuwa na mkataba na Wizara ya Biashara ya Marekani, na badiliko lolote kwenye mzizi lilipitia mkono wa serikali hiyo moja mpaka mkataba ulipoisha tarehe 30 Septemba 2016. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza dunia ikawa inauliza: hawa ni nani na wanamwakilisha nani?

Jibu la kwanza lilikuwa la kishujaa kweli. Walisema watumiaji wa kawaida watapata viti 9 kwenye bodi, watachaguliwa na watu wenyewe. Mwaka 2000 wakaanza na viti 5, kimoja kwa kila bara kwa mgawanyo wao. Mtu yeyote mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea, mwenye barua pepe na anwani ya posta, aliruhusiwa kujiandikisha. Anwani ya posta ilikuwa na kazi: namba ya siri ya kupigia kura ilitumwa kwa barua, ile ya bahasha na stempu. Walijiandikisha watu zaidi ya 158,000 duniani. Waliopata barua zao na kukamilisha usajili walikuwa 76,000 na ushee. Oktoba 2000 zikapigwa kura 34,035.

Sasa shikeni viti vyenu. Asia na Pasifiki kura 17,745. Ulaya 11,309. Amerika Kaskazini 3,449. Amerika ya Kusini na Karibi 1,402. Afrika nzima, kutoka Cairo hadi Cape Town, pamoja na Tanga na viunga vyake... kura 130.

Mia na thelathini jamani! Mwenyekiti wa kitongoji kule kwetu anashinda kwa zaidi ya hizo. Aliyechaguliwa alikuwa Profesa Nii Quaynor wa Ghana, mtu aliyeifanyia intaneti ya Afrika kazi kubwa, hakuna atakayesema hakustahili. Lakini mchaguliwa bora anaweza kutoka kwenye uchaguzi mbovu. Fikiria mwaka ule 2000 mtu wa Handeni: umeme haupo kwa walio wengi, kafe ya intaneti uifuate Tanga mjini, S.L.P. ni ya shule au ya misheni, na barua kutoka Marekani ikifika inapita mikononi mwa watu wanne kabla ya kukufikia. Hakuna aliyemkatalia kupiga kura. Masharti yalimkatalia yenyewe.

Hapo ndipo nikaikumbuka 1958. Tuliosoma mada tunajua, ila nirudie kwa watu wa Fizikia. Mwingereza aliweka viti vitatu kila jimbo: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja, Mwasia mmoja, na mpiga kura alilazimika kuwapigia wote watatu, la sivyo kura imeharibika. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Wazungu kama elfu 20 hivi. Na ili uandikishwe ilibidi uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka (shilingi 3,000 za wakati ule), au elimu ya darasa la nane, au uwe na cheo fulani. Mkata mkonge wa Korogwe alikuwa nje kwa yote matatu. TANU ilikutana Tabora Januari 1958, wakabishana kweli kweli kama wasuse au waingie. Nyerere akawashawishi waingie, Zuberi Mtemvu akatoka akaunda chama chake. Jimbo la Tanga lilikuwa kwenye awamu ya kwanza, Septemba 1958, na waliokuwa wanaungwa mkono na TANU wakashinda.

Wengi tukizilinganisha hizi mbili tutasema haraka: yaleyale, masharti ya kuwafungia watu nje. Kwa masharti nakubali. Barua yenye namba ya siri na darasa la nane vinafanana, vyote vina sura ya utaratibu tu wa kawaida huku vikichuja watu. Lakini ukiangalia mgawanyo wa viti mambo yanageuka, na hapa ndipo nilipokosa usingizi. Kura tatu ilitoa kiti kwa kundi badala ya kwa idadi ya watu, na aliyefaidika ni Mzungu. Uchaguzi wa 2000 nao ulitoa kiti kwa kundi badala ya kwa idadi ya wapiga kura, na aliyefaidika ni sisi! Kura zetu 130 zilileta mjumbe mmoja, kura 17,745 za Asia zilileta mjumbe mmoja. Wangehesabu kichwa kwa kichwa Afrika isingepata kitu, tulikuwa chini ya nusu asilimia ya kura zote.

Kwa hiyo ile hoja ya darasani kwamba uwakilishi wa makundi ni ujanja wa mkoloni haitoshi. Mimi naona tofauti iko hapa: 1958 kiti cha kundi kilimlinda mwenye nguvu tayari, mwenye benki, mahakama na polisi. Kiti cha Afrika kilimpa nafasi asiye na kitu kwenye meza ambayo uamuzi wake utamfikia akipenda asipende. Kifaa ni kilekile, kama panga. Wa darasani kwetu hawatakubali, tutabishana Jumatatu.

Mwisho wa ule uchaguzi? Haukurudiwa. Machi 2002 bodi ilikutana Accra, ndiyo, Accra ya Ghana, na kule ndiko ilikoamua kuachana na kura za moja kwa moja. Hoja zao hazikuwa za kipuuzi: utamjuaje mpiga kura wa kweli, utazuiaje kampuni au nchi kuandikisha watu wake kwa makundi, nani atalipia. Badala yake ikaundwa kamati ya uteuzi, na kwa watumiaji kamati ya ushauri ya watu 15, wawili wawili kutoka kila moja ya kanda 5 na wengine 5 wa kuteuliwa. Kanda ya Afrika ilisaini makubaliano yake 2007. Kiti chenye kura kwenye bodi, kimoja tu, watumiaji walikipata 2010, kwenye bodi ya wapiga kura 16. Ahadi ilianza na viti 9, ikashuka 5, ikaishia 1. Serikali nazo zina kamati yao ya ushauri, na Tanzania ikizungumza kule huzungumza kama serikali. Mwalimu wa Kabuku hana mlango wake.

Na hapa nyumbani je?

Mwaka 2003 ilitungwa sheria ya TCRA, ikaunganishwa ile tume ya mawasiliano na ile ya utangazaji, tukapata mdhibiti mmoja. Novemba 2006 ikaanzishwa tzNIC, kampuni isiyo ya faida, ya kuendesha daftari la .tz. Waanzilishi wake walikuwa wawili: TCRA yenyewe, na TISPA ambao ni umoja wa watoa huduma za intaneti. Mwaka 2010 ICANN ikaidhinisha .tz ihamishiwe rasmi kwao. Kulinganisha na enzi za kumtegemea mtu mmoja na kompyuta yake chuoni, ilikuwa hatua kubwa, sitaki kuidharau. Daftari likawa na ofisi, kanuni, na mawakala wa kusajili. Mkonga wa SEACOM ulishatua Dar Julai 2009, kwa hiyo na watumiaji wakaanza kuwepo wa kweli.

Lakini angalia hao waanzilishi wawili. Mmoja anadhibiti, mwingine anauza. Hakuna aliyekaa pale kwa ajili ya anayenunua, sembuse anayetumia tu. Ni kama kamati ya maji yenye mjumbe wa idara na mjumbe wa wenye matenki, mwenye ndoo hayupo. Zanzibar nayo: herufi z kwenye tz ni yao, jina Tanzania limeanza Oktoba 1964 kwa kuunganisha pande mbili, na posta na simu vimo kwenye orodha ya mambo ya Muungano, ila kwenye ule uanzilishi Zanzibar haikuwa na kiti chake kwa jina lake.

Mtasema haya ni mambo ya wataalamu, yanatuhusu nini? Mwaka huohuo wa 2010 ilipitishwa sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta, ile EPOCA, na ikaanza kugusa majina. Desemba 2016 waendeshaji wa JamiiForums walipofikishwa mahakamani, moja ya mashtaka lilikuwa kuendesha tovuti yenye jina lisilosajiliwa chini ya .tz. Someni tena hiyo sentensi. Herufi mbili mwisho wa jina zikawa jambo la kisutu. Na miaka ile ya mwanzo ya blogu za Kiswahili, tangu Ndesanjo Macha alipoanza Jikomboe 2004, karibu wote waliandika wakiwa chini ya jina la kampuni ya Kimarekani lenye .com mwishoni, kwa sababu lilikuwa bure na halikuuliza hati. Watu walipanga nyumba ya mtu wa mbali maana kiwanja cha nyumbani kilikuwa na makaratasi. Zilipokuja kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, na ada ya leseni ya shilingi milioni 1 kwa blogu, makaratasi yakaongezeka. Iwe unaziunga mkono sera hizi au unazipinga, zinaamuliwa na watu fulani kwenye chumba fulani. Mwenye blogu anazisikia kwenye redio.

Nitoe mfano wa karibu zaidi. Nilipokuwa BTP, shule moja ya huku mkoani kwetu (jina nabaki nalo) ilikuwa na tovuti nzuri, picha za mahafali, matokeo, fomu za kujiunga. Siku moja ikazimika. Ikaonekana kwamba fundi aliyewatengenezea alisajili jina la shule kwa jina lake mwenyewe na barua pepe yake. Alishahama mkoa, ada ya mwaka haikulipwa, na simu hapokei. Mkuu wa shule, mzee wa watu, akaniuliza: "Sasa mwalimu, jina la shule yangu linakuwaje mali ya kijana?" Nilimweleza kadiri nilivyojua, kwamba kwenye daftari anatambulika aliyeandikwa, hata kama ubaoni mmeandika nyie. Akauliza pa kulalamika ni wapi. Pa kulalamika papo, kwa barua, kwa taratibu zilizoandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, Dar es Salaam. Baada ya wiki mbili bodi ya shule ikaamua kusajili jina lingine, safari hii kwa barua pepe ya ofisi, na cheti kikafungiwa kabatini pamoja na hati ya kiwanja. Yule mzee alielewa kitu ambacho waraka wa 1994 ulikuwa unakisema.

Haya, tungeutengeneza vipi upya? Mimi siyo mtaalamu wa kompyuta, ila kwenye kuunda vyombo vya uwakilishi Mtanzania hahitaji kwenda California. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 imeeleza kijiji: mkutano mkuu ni watu wazima wote, halmashauri ni wajumbe 15 hadi 25, wenyeviti wa vitongoji wamo, wanawake wasipungue robo, na mkutano uitishwe kila miezi mitatu. Jumuiya za watumia maji ambazo sasa ziko chini ya RUWASA, iliyoundwa kwa sheria ya 2019, zinajengwa na wachotaji wenyewe na zinasomewa mapato na matumizi. Tunajua pia zinapofeli. Mkutano hauitishwi mwaka mzima, mwenyekiti ni yuleyule, mahudhurio yanaandikwa nyumbani kwa katibu. Kwa hiyo tunajua pa kuziba.

Na kuna onyo kutoka karibu. Afrinic, chombo kilichoko Mauritius kinachogawa zile namba (siyo majina) kwa Afrika, kilitambuliwa 2005, ni chombo cha wanachama na kinachagua bodi kwa kura. Kesi zikakiandama, kikakaa bila bodi, 2023 mahakama ikakiwekea msimamizi, na uchaguzi wa Juni 2025 ukafutwa kwa sababu ya malalamiko juu ya hati za kumpigia mtu mwingine kura. Ukarudiwa Septemba mwaka huohuo. Yaani mtu anakuja na karatasi anasema nimetumwa na wenzangu ambao hawakuweza kufika. Nani kijijini hajawahi kumwona mtu huyo? Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "tupige kura tu mtandaoni, kila mwenye simu" naogopa kidogo. Idadi yetu sasa ni kubwa, zile 130 hazitajirudia, lakini atakayeandikisha laki moja kwa wiki siyo mwalimu wa Sindeni, ni mwenye hela na orodha ya namba za simu.

Mimi ningependa hivi. Viti vya mdhibiti na wauzaji vibaki, kwa sababu ndio wanajua pampu inavyofanya kazi, lakini visifike nusu. Vingine viende kwa makundi ambayo tayari yanakutana uso kwa uso na yana daftari la wanachama linalokaguliwa: vyama vya walimu, vyuo, vyama vya ushirika, waandishi, na viti vya Zanzibar vitajwe kwa jina kwenye katiba ya chombo, visiwe hisani. Kwa hao, kumjua mpiga kura wa kweli siyo kazi, wanajuana. Mjumbe akae vipindi viwili basi. Malalamiko ya majina yasikilizwe na watu wasiokaa kwenye bodi, kwa Kiswahili, na yapokelewe wilayani. Halmashauri zetu zina tovuti tangu 2017, Handeni na Korogwe zote, ofisa wa TEHAMA yupo, kwa nini mkuu wa shule asipeleke lalamiko pale kama anavyopeleka la madawati? Na mkutano mkuu wa mwaka uzunguke mikoani, usiishie hotelini Dar.

Kuna mtu wa bweni langu kasoma rasimu hii akasema viti vya makundi vitaleta urasimu, na vyama vyenyewe havina demokrasia ndani. Hilo la pili ni kweli na sina dawa yake. Chama cha walimu kikichagua mtu asiyejua jina la kikoa ni mdudu gani, tutakuwa na mwakilishi wa kupiga picha. Lakini wenye ndoo wakikaa kwenye kamati ya maji nao huwa hawajui pampu. Wanajifunza mwaka wa kwanza, mwaka wa pili wanaanza kuuliza dizeli ilienda wapi.

Kuhusu kiti cha mkoa wa Tanga, najua kitakachotokea. Wa Korogwe watasema wao wana reli tangu wakati wa Mjerumani na chanzo cha maji kiko kwao. Sisi Handeni tutasema tulishamegwa Kilindi 2002, tusimegwe tena. Napendekeza kikao cha kwanza kifanyike Segera, pale njia panda. Nauli inafanana, na kuku wa kukaanga wapo.